Sensa na Upanuzi wa Mashirikisho ya Michezo ya Vyuo Vikuu Marekani

Atakaye kufahamu kwa nini mashirikisho ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani yanazidi kutanuka, na alifungue kwanza daftari la sensa. Shirikisho la Big Ten, lililoasisiwa mwaka 1896 na vyuo vya majimbo ya kaskazini ya kati, lilineemeka zamani zile ambapo viwanda vya huko viliwavuta watu kwa wingi. Lakini viwanda vilipodhoofu, na raia wakahamia majimbo ya kusini na magharibi kutafuta maisha, mizani iligeuka, hata baada ya sensa ya 2020 Texas ikaongezewa viti viwili katika Baraza la Wawakilishi, ilhali Ohio, Michigan na Illinois kila moja ilipoteza kimoja.

Wingi wa watu huyafaa mashirikisho kwa njia mbili. Kwanza, penye vijana wengi ndipo wapatikanapo wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi, ni televisheni. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliuvunja ukiritimba wa chama cha taifa, NCAA, juu ya haki za kutangaza mechi hizo, na mashirikisho yakaweza kujiuzia haki zake yenyewe. Na Big Ten ilipofungua chaneli yake mwaka 2007, kampuni za televisheni ya waya ziliilipa, kwa kila kaya ya jimbo lenye chuo mwanachama, zaidi ya zilivyolipa kwa kaya ya kwingineko. Si ajabu basi kwamba mwaka 2014 walikaribishwa wana wa vyuo vya Rutgers, walio jirani na New York, na Maryland, walio jirani na Washington. Wala kwamba mwaka 2024 Big Ten iliifikia Los Angeles kwa kuwachukua UCLA na USC, na SEC, shirikisho la majimbo ya kusini, ikakichukua Chuo Kikuu cha Texas.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina madhila yake. Oregon State ya Corvallis na Washington State ya Pullman, vyuo vya miji midogo, viliachwa peke yao wenzao kumi walipoihama Pac-12, shirikisho la majimbo ya magharibi. Na binti wa UCLA achezaye voliboli, mchezo usioleta sehemu kubwa ya fedha hizo, hulazimika kuvuka bara zima kwenda New Jersey kucheza na Rutgers, ilhali masomo yanamngoja. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba futiboli, ambayo ndiyo iliyoleta mikataba ya televisheni, iachwe iwafuate watu waliko, na michezo mingine yote irudishwe katika ujirani wake wa asili.