Godoro gumu si dawa ya mgongo

Je, wewe huamka asubuhi ukiwa na maumivu ya mgongo, kisha kufikia saa nne yakawa yametoweka? Kama ndivyo, kabla ya kukimbilia dawa za kuchua, ondoa shuka ulitazame godoro lako. Huenda limefanya bonde katikati.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Hata hivyo, wengi wetu tunaoishi mijini tunapohamia nyumba mpya hununua kwanza televisheni na viti vya sebuleni, vitu vitakavyoonwa na wageni. Godoro husubiri pesa zitakazobaki.

Kuna wanaoamini kwamba anayeumwa na mgongo anafaa kulala juu ya kitu kigumu. Jirani yangu mmoja alishauriwa hivyo na wenzake kazini. Aliliondoa godoro, akatandika blanketi juu ya mbao. Baada ya wiki mbili mgongo ulikuwa ungali unamuuma, na sasa mabega na nyonga pia.

Hata madaktari wengi walitoa ushauri kama huo kwa miaka mingi. Lakini uchunguzi uliofanywa Uhispania na kuchapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la Lancet ulionyesha vingine. Watu 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa, baadhi wakapewa magodoro magumu na wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia yale ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi.

Sababu si ngumu kuelewa. Ukilala ubavu juu ya kitu kigumu, uzito wako wote huangukia bega na nyonga, na kiuno hubaki kikining'inia. Godoro laini mno nalo huzamisha nyonga, uti wa mgongo ukapinda usiku kucha.

Kwa hivyo usinunue godoro kwa kulibonyeza kwa kidole. Vua viatu dukani, ulale jinsi unavyolala nyumbani, hata kwa dakika 10. Muuzaji akikukodolea macho, mwache akodoe; pesa ni zako. Lala chali, upitishe mkono chini ya kiuno. Ukipita bila kugusa chochote, godoro hilo ni gumu mno kwako. Ukipata shida kugeuka, ni laini mno. Ikiwa mnalala wawili, nendeni pamoja.

Wala usidanganywe na unene. Ubora wa sponji hutegemea uzito wake kwa kila mita moja ya ujazo. Godoro la inchi 6 lenye sponji nzito hudumu kuliko la inchi 10 lenye sponji nyepesi, ambalo mtu wa kilo 90 atalikandamiza likalala katika muda mfupi. Inua magodoro mawili ya kipimo kimoja na utaihisi tofauti mwenyewe.

Kitanda nacho kina lawama yake. Chaga zikiachana sana, sponji huzama katikati yake, na ndiyo maana watu hutandika maboksi chini ya godoro. Mwambie fundi wako wa jua kali aziweke karibu, nafasi isizidi inchi 3 hivi, na kitanda cha futi 5 kwa 6 akitie mguu wa katikati. Ukiketi ukingoni, nyayo zikanyage sakafu vizuri, hasa ikiwa kuna mzee nyumbani.

Mtoto mchanga ana kanuni zake. Yeye alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawasawa, bila mto. Ikiwa una kitanda cha ghorofa, asiyetimiza miaka 6 asilale juu.

Maumivu yakishuka hadi mguuni, mguu ukifa ganzi au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali mara moja. Hilo si suala la godoro tena.

Na kama umeuziwa godoro kuukuu kwa bei ya kuvutia, lichunguze kwenye mishono kabla ya kuliingiza nyumbani. Ukiona vidoa vidogo vyeusi, hao ni kunguni, na kuwaondoa kutakugharimu zaidi ya ulichookoa.