Saa Inayosemwa Kuwa ya Dunia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwa Isaac Newton, aliyefundisha mwaka 1687 kwamba wakati hupita wenyewe, sawasawa, pasipo kutegemea chochote. Leo tuone fundisho hilo lilivyopewa mishale.

Tiketi ya basi imeandikwa 06:00. Karani anamkabidhi abiria na kumwambia, "Saa kumi na mbili uwe umeshafika stendi." Abiria haulizi kitu. Nyumbani, mshale mfupi ukigusa 7, wazee wetu husoma namba inayoelekeana nayo: saa moja. Nimewasikia wasomi wakiuita utaratibu huu "saa za kienyeji", kana kwamba zile nyingine zilishushwa kutoka mbinguni.

Hazikushushwa. Zamani saa za Bristol zilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10 hivi, maana jua huchelewa kufika huko. Mwaka 1840 reli ya Great Western ikaanza kutumia saa ya London katika vituo vyake vyote. Kwenye jengo la soko la nafaka la Bristol ipo hadi leo saa yenye mishale miwili ya dakika: mmoja wa mji, mmoja wa London.

Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuchagua mahali ambapo dunia nzima ingeanzia kuhesabu longitudo na saa. Greenwich, ya London, ikapata kura 22. Ufaransa haikupiga kura, na ilipokubali mwaka 1911, sheria yake ilisema tu kwamba saa ya Paris irudishwe nyuma dakika 9 na sekunde 21. Jina la Greenwich halikutajwa.

Ninayemkumbuka zaidi ni Rustem Effendi, mjumbe wa dola ya Uthmaniya. Alieleza kuwa raia wao wengi ni wakulima, nao huhesabu saa tangu jua linapotua. Mkulima wa Rufiji angemwelewa mara moja. Pwani kwetu, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi magharibi.

London, mchana wa Juni huzidi saa 16, wa Desemba haufiki 8. Nani angeanza kuhesabu na macheo yanayohamahama hivyo? Dar es Salaam mchana hauachani na saa 12 ila kwa nusu saa hivi. Hesabu yetu imepimwa kwa jua letu, na imepimwa vizuri.

Wiki ijayo: simu ya mkononi, unayoweza kuigeuza Kiswahili menyu nzima, na bado alfajiri ikakuandikia 06:00.