Ampilifaya ya Valvu Inapozimika Ghafla

Gitaa linalia, watu wamo uwanjani wanacheza, mara sauti inakatika. Mpiga gitaa anapigapiga ampilifaya kwa kiganja na kila aliye karibu anatoa ushauri wake. Kwa mwanamuziki anayelipwa kwa usiku mmoja mmoja, kimya hicho ni ujira uliopotea, na pengine ni karo ya mtoto. Ndiyo maana wengi hukimbilia bisibisi palepale, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Ndugu msomaji, chukua mfano wa Fender Deluxe Reverb, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1963. Ina valvu tisa na hutoa wati 22 hivi tu, lakini ndani yake umo umeme wa volti zipatazo 400. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita, nao waweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mshtuko wake huua. Asiye fundi asifungue sehemu ya nyaya, wala watoto wasiachwe karibu. Hata hivyo yako mengi yawezayo kukaguliwa kutoka nje.

Hapana budi kwanza kupambanua: je, ampilifaya imekufa kabisa, au imedhoofika tu? Ikiwa taa ya mbele haiwaki na valvu hazioneshi wekundu wowote, jaribu soketi ile kwa taa ya meza. Kisha tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu, halafu ile iliyo nyuma ya ampilifaya. Fyuzi husema mengi. Waya wake ukiwa umekatika katikati na kioo ni safi, yamkini imechoka au imezidiwa kidogo. Kioo kikiwa cheusi, au kimepakwa rangi ya fedha, umeme ulipita kwa nguvu nyingi ghafla: kuna mahali pamegusana.

Weka fyuzi ya kiasi kilekile na ya aina ileile. Wako wanaozungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili dansi liendelee. Huo si ufundi hata kidogo. Fyuzi ya shilingi chache imewekwa ili transfoma ya bei kubwa isiungue, na nyumba pamoja nayo. Tena ampilifaya iliyoundwa kwa volti 120 za Marekani isichomekwe kamwe moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230.

Fyuzi mpya ikikatika nayo, usizidi kubadilisha ovyo. Zima, chomoa plagi, ngoja valvu zipoe. Toa ile valvu inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, ambayo katika Deluxe Reverb ni GZ34, kisha washa. Fyuzi ikikatika hata hapo, shuku transfoma au nyaya zake. Ikidumu, irudishe GZ34 lakini toa valvu mbili kubwa za nguvu, 6V6. Fyuzi ikidumu tena, mmoja wa wale wawili ndiye mkosaji. Ikikatika, kosa li katika GZ34 yenyewe au katika kapasita, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ampilifaya iliyodhoofika ina habari nyingine. Valvu mbili za nguvu hufanya kazi kwa zamu kama watwangaji wawili katika kinu kimoja. Mmoja akifa, sauti hubaki, lakini nyembamba na yenye kukwaruza. Zitazame gizani. Isiyo na wekundu wa ndani imekufa. Ile ambayo bamba lake la chuma lenyewe linageuka jekundu inapitisha umeme kupita kiasi: zima mara moja. Doa la rangi ya fedha ndani ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na valvu hiyo haifai tena. Mwanga hafifu wa buluu kwenye kioo usikutishe.

Wakati mwingine valvu mpya huwekwa na udhaifu ukabaki. Aghalabu ile ya zamani ilipokufa iliunguza rezista ndogo iliyo kwenye kikalio chake. Mweleze fundi aipime kabla hajaanza kulaumu transfoma.

Wala spika isisahauliwe. Iondoe, kisha igusishe kwa betri ndogo ya volti 1.5, ikiwa nzima italia “tak”. Lakini usiwashe ampilifaya ya valvu na kupiga gitaa bila spika, kwani transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua, na kuipata nyingine ni vigumu kuliko valvu, ambazo hadi leo hutengenezwa Urusi, Slovakia na Uchina. Za nguvu zinunuliwe mbili zilizolinganishwa.