Mafundi wa Kachchh na Ujirani wa Kazi za Mikono

Mwenye kutaka kuijua jamii kwa undani hupata mengi katika taarikhi ya wafalme wake na vita vyao, lakini hupata mengi zaidi akiuliza ni nani aliyesokota uzi wa nguo wanayojitanda wanawake wake, ni nani aliyeifuma, ni nani aliyeitia rangi, na kila mmoja wa hao alilipwa nini kwa jasho lake. Katika nchi ya India hakuna jimbo lisilo na ufundi wake wa jadi: Banaras ina hariri zilizofumwa kwa nyuzi za dhahabu, Kashmir ina shali za sufu laini ya mbuzi wa milimani, Moradabad ina vyombo vya shaba vilivyotiwa nakshi, na Kanchipuram ina sari ambazo bibi arusi wa kusini hangependa kuolewa bila ya kuzivaa. Katika wingi huo nimechagua kusimulia habari za Kachchh, kwa kuwa huko ufundi wa namna nyingi umekusanyika mahali pamoja na kuhitajiana, na kwa kuwa Kachchh ni nchi ambayo mwambao wetu umejuana nayo tangu zama za matanga.

Kachchh iko katika pembe ya magharibi ya jimbo la Gujarat, mpakani mwa Sindh. Kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za India, kwani ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000, lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo haimlishi mtu: kaskazini limetanda jangwa la Rann, ambalo hufurika maji msimu wa mvua, kisha likakauka na kuwa jeupe kwa chumvi, na kusini imo Ghuba ya Kachchh na bandari zake za kale za Mandvi na Mundra. Mvua ni haba, na ipo miaka isiyonyesha kabisa. Katika nchi kame namna hii hapakuwa na kabila lililoweza kujitosheleza. Rabari walichunga ngamia na kondoo, Ahir walilima, Vankar walifuma, Khatri walitia rangi, Lohar walifua chuma, na wafugaji Waislamu wa mbuga za Banni waliswaga ng'ombe na nyati, kila jamii ikishika fungu lake la kazi na kumwachia jirani fungu lake.

Tutazame mtandio wa sufu wa mwanamke wa Kirabari, maana katika nguo hiyo moja mpango wote unadhihirika. Rabari hukata manyoya ya kondoo, na wanawake wao huyasokota kwa mkono hata yakawa uzi. Uzi huo ulipelekwa kwa Vankar, ambaye huketi ukingoni mwa shimo lililochimbwa sakafuni, miguu yake ikikanyaga kanyagio chini, na mikono ikipitisha mshindio katika mtande, huku akichopeka maua kwa ncha za vidole. Kwa kuwa kitanda chake cha kufumia ni chembamba, mtandio hutoka vipande viwili. Nguo hiyo ilikwenda kwa Khatri, ikafungwa mafundo na kutiwa rangi, kisha ikarudi kwa mwanamke wa Kirabari, naye akaviunga vile vipande viwili kwa mshono wa nyuzi za rangi, hata mahali pa kiungo pakawa pambo la nguo nzima. Hivyo ndivyo mtandio mmoja ulivyopita mikononi mwa mfugaji Mhindu, mfumi Mhindu na mtiaji rangi Muislamu kabla ya kukaa kichwani pa mwenyewe. Malipo yalikuwa sufu, samli, maziwa au nafaka, na aghalabu nyumba ya mfumi na nyumba ya mfugaji zilirithishana uhusiano huo baba kwa mwana.

Lakini insafu yataka tuseme na upande wa pili. Vankar ni wa jamii ya Meghwal, waliohesabiwa katika tabaka ambazo watu wa tabaka za juu walikataa hata kuwagusa. Nguo ilipokelewa, aliyeifuma akawekwa mbali na kisima na hekalu. Katiba ya India ya mwaka 1950 iliharamisha ubaguzi huo, ingawa sheria hutangulia na mioyo ikafuata kwa kuchelewa. Kwa hiyo ninaposifu ujirani wa Kachchh sisifu kila kilichokuwamo ndani yake. Nasifu lile lililomfanya kila mmoja ajue kuwa hawezi kuishi bila ya mwenzake, nalo lilikuwa kweli hata pale adabu ya watu ilipokataa kulikiri.

Katika vijiji vya Nirona na Zura, Lohar, ambao ni Waislamu, hutengeneza kengele za mifugo kwa vipande vya chuma chakavu. Fundi hukipiga chuma kwa nyundo, akakikunja na kukiunga bila ya kukichomelea, akakipaka unga wa shaba uliogandishwa kwa udongo, kisha akakioka motoni mpaka shaba ishikamane na chuma. Kazi ngumu huja baadaye, anapogonga ukingo wa kengele kidogo kidogo, akisikiliza, akigonga tena, hata ipatikane sauti aitakayo mchungaji. Maana mchungaji hanunui kengele tu, bali hununua sauti atakayoitambua gizani, ili ajue ni mnyama gani aliyejitenga na kundi na ameelekea upande upi.

Ufundi wenye hatua nyingi kupita wote ni wa ajrakh, nguo ya pamba inayopigwa mihuri ya mbao. Wapokezi wa habari za Khatri husema kuwa mababu zao walitoka Sindh yapata miaka 400 iliyopita kwa mwaliko wa Rao Bharmal, mtawala wa Kachchh, wakachagua kukaa katika kijiji cha Dhamadka kwa ajili ya maji ya mto uliopita hapo. Fundi huanza kwa kuifua nguo, akaichovya katika mchanganyiko wa mafuta ya mbarika, magadi na samadi ya ngamia, akaianika, akairudia tena na tena mpaka ilainike na iwe tayari kunywa rangi. Kisha huitia katika maji ya tunda liitwalo harda, nayo ikageuka manjano. Hapo ndipo inaposhika kazi mihuri, ambayo huchongwa kwa mti wa msaji: wa kwanza hupigwa kwa chokaa na gundi, ili mahali hapo pasishike rangi, wa pili hupigwa kwa maji ya chuma chakavu kilichovundikwa siku nyingi pamoja na sukari guru, na hapo pakawa peusi, wa tatu hupigwa kwa shabu, ambayo siku hiyo haidhihirishi wekundu wowote. Nguo ikizamishwa katika pipa la nili hutoka ya kijani, ikabadilika kuwa buluu machoni pa watu kwa kuguswa na hewa. Mwisho huchemshwa katika sufuria kubwa pamoja na rangi ya mizizi myekundu, na kila palipotangulia shabu wekundu hujitokeza. Hatua zote hukaribia 14 au 16 na huchukua majuma, na ajrakh bora hupigwa mihuri pande zote mbili, ua la nyuma likilala sawasawa juu ya ua la mbele.

Wavaaji wa ajrakh walikuwa hasa wafugaji Waislamu wa Banni, ndiyo sababu michoro yake ni nyota, mistari na maua yasiyo na umbo la kiumbe chenye roho. Mwanamume huifunga kiunoni, huizungusha kilemba, huitupa begani, hufungia majani ya mifugo, huitundika ikawa pembea ya mtoto. Alhasili, imekuwa kwake kama kanga ilivyo kwa mama wa mwambao, nguo isiyokosa kazi tangu asubuhi hata usiku. Na biashara ya nguo za muhuri si ya jana: vipande vya pamba ya Gujarat vilivyopigwa mihuri vimefukuliwa Fustat, mji wa kale wa Misri, vingine vikiwa vya zama za kati.

Khatri hao hao ndio mabingwa wa bandhani. Katika kazi hii wanawake na wasichana huinua nguo punje kwa punje kwa ncha ya ukucha uliofugwa, wakaizungushia uzi na kukaza, mpaka nguo ya fahari ikawa na mafundo makumi ya maelfu. Kisha wanaume huichovya katika rangi, wakianzia na nyepesi na kuishia na nzito, na katika kila awamu baadhi ya sehemu hufungwa upya zisipate rangi ifuatayo. Wanawake wa Kihindu huvaa arusini gharcholu, nguo nyekundu yenye miraba ya nyuzi za dhahabu, na katika Khatri Waislamu bibi arusi huvaa chandrokhani. Dini ni mbalimbali, lakini mafundo yamefungwa katika nyumba zile zile.

Kutarizi ni kazi ya wanawake wenyewe, na kila jamii hujulikana kwa mishono yake. Rabari hupachika vioo vya maumbo mbalimbali na kuvizungushia mishono minene. Ahir hupenda kasuku, tausi na maua ya mviringo. Sodha, ambao wengi wao walihamia kutoka Sindh wakati wa vita vya mwaka 1971, hutarizi kwa kuhesabu nyuzi za nguo, wakifanya kazi upande wa nyuma pasipo kuchora chochote kwanza. Msichana huanza mapema kutarizi vitu atakavyokwenda navyo kwa mumewe: sketi, blauzi, mikoba, mapazia ya mlangoni. Desturi hii nzuri iligeuka mzigo kwa Rabari wa ukoo wa Dhebaria, maana jamaa za waume walidai vitu vingi mno, na bibi arusi akakawia kwa wazazi wake akishona hata ujana wake ukapita. Mwaka 1995 wazee wao walikaa barazani wakapiga marufuku watu wao kuvaa nguo zilizotariziwa kwa mkono. Wanawake walitii, lakini hawakukubali kuishi bila ya pambo. Walichukua riboni na tepe za dukani, wakazishona kwa cherehani katika mitindo mipya. Funzo lililomo si dogo: mila ni ya watu, nao wana haki ya kuihukumu inapowadhuru.

Katika mapambo ya bibi arusi wa Kachchh palikuwa pia na kitu kutoka kwetu. Majahazi ya Mandvi yalikuja Unguja na kaskazi yakileta nguo, yakarudi na kusi yakichukua pembe za ndovu, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa ya watu wa Mundra, ndiyo iliyokodi forodha ya Unguja katika siku za Sayyid Said. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilikerezwa bangili za arusi, zikapangwa mkononi mwa bibi arusi. Wapagazi waliozibeba kutoka bara hadi pwani hawakuwaona wanawake hao, na wanawake hao hawakujua uzito wa mzigo ule. Tangu mwaka 1989 biashara ya pembe imekatazwa baina ya mataifa, na bangili za siku hizi ni za plastiki.

Karne ya 20 iliutikisa mpango mzima. Rangi za viwandani zilikuja na urahisi wake, kisha zikaja nguo za nailoni na poliesta ambazo mchungaji wa Banni aliweza kuzinunua kwa bei ambayo fundi hangeweza kuishindania. Katika miaka ya 1970 Mohammad Siddik Khatri wa Dhamadka aliamua kurudia rangi za asili, akawafundisha wanawe yale ambayo yalikaribia kusahauliwa, na wateja wapya wakapatikana mijini na ng'ambo. Kabla yake, mwaka 1969, Chandaben Shroff alifika Kachchh wakati wa ukame, akaona kuwa wanawake waliokuwa wakitafuta riziki walikuwa na utajiri wa sindano mikononi mwao, na kutokana na hayo likazaliwa shirika la Shrujan. Kisha asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 zilzala ilibomoa vijiji na kuua maelfu. Maji ya Dhamadka yalizidi kuwa na chuma, na chuma huzitia rangi weusi usiotakiwa; Khatri wengi wakanunua ardhi mashariki ya mji wa Bhuj, wakajenga kijiji kipya wakakiita Ajrakhpur. Jamii iliyokuja kwa ajili ya maji ilihama kwa ajili ya maji.

Leo mafundi wa Kachchh wana sifa duniani, lakini jirani si mnunuzi wao tena. Mfumi aweza kununua uzi uliotoka mbali kuliko kondoo wanaopita mlangoni pake, na mchungaji aweza kujitanda blanketi la kiwandani huku shali ya wafumi wa kijiji cha Bhujodi ikisafiri kwenda Mumbai na Ulaya. Siwalaumu, kwani fundi hawezi kula heshima, na soko la mbali limewaokoa wengi na njaa. Hata hivyo nafurahi kuona kuwa katika miaka ya karibuni wapo waliorudia pamba ya kienyeji iitwayo kala, inayotegemea mvua peke yake, wakawaunganisha tena wakulima na wafumi wa Kachchh. Hiyo naiona njia iliyo sawa kupita kuhifadhi nguo nyuma ya kioo cha makumbusho, maana nguo yaweza kuhifadhiwa hivyo, lakini ufundi wahitaji mkulima, mchungaji, mfumi na mtiaji rangi wanaohitajiana. Anayetaka ajrakh idumu na aulize pamba yake imelimwa wapi na wote walioishughulikia wamelipwa nini, kisha awe tayari kutoa bei inayowatosha.