Jibini ya Soya katika Jiko la Walungu

Katika vilima vya Walungu, kusini-magharibi ya Bukavu, ambako tangu zamani Bashi wamemtukuza ng'ombe kuwa ndiye mali na heshima ya mtu, vita na ufukara vimepunguza mifugo, na watoto wengi wamepatwa na utapiamlo. Ndiyo sababu soya, ambayo zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni protini, imepata hadhi kubwa mashambani.

Kanuni ya kuifanya jibini si ngumu. Soya hurowekwa usiku kucha, husuguliwa ili maganda yatoke, kisha husagwa pamoja na maji safi na kuchujwa kwa kitambaa. Tui lipatikanalo halina budi kuchemshwa barabara huku likikorogwa, kwa kuwa soya mbichi ina vitu vizuiavyo tumbo kumeng'enya protini. Likiisha kuepuliwa, hutiwa maji ya ndimu kidogo kidogo hata ligande. Mabonge hufungwa kitambaani na kukandamizwa kwa jiwe mpaka yashikamane.

Wachina wameijua sanaa hii kwa zaidi ya miaka 1,000. Hapa kwetu jibini hiyo hukatwa vipande, ikatiwa chumvi, ikakaangwa kwa mawese na kuliwa kwa bugali; wala makapi yake hayatupwi, bali huchanganywa katika uji. Pasipo barafu haidumu, hivyo iliwe siku ile ile.

Basi mwenye soya ghalani asiiuze yote kabla ya kuwawekea wanawe fungu lao.