Askofu David Gitari: Kwa nini mahubiri yake yaliwanyima usingizi wakubwa wa Kanu

Kama umezaliwa baada ya 1990, huenda jina la Askofu David Gitari unalisikia tu likitajwa na wazazi. Lakini kuna wakati Kenya hii ilikuwa na chama kimoja, bunge lilikuwa kimya, na mahali pa pekee ambapo mtu angeweza kusikia serikali ikiambiwa ukweli ni kanisani Jumapili asubuhi.

Gitari alikuwa mmoja wa wale waliousema ukweli huo. Karibu aulipie kwa maisha yake.

Alikuwa nani?

David Mukuba Gitari alizaliwa Septemba 16, 1937, Ngiriambu, Kirinyaga. Baba yake, Samuel Mukuba, alikuwa mwinjilisti, kwa hivyo Biblia alikutana nayo nyumbani kabla ya shule.

Alisoma chuo kikuu Nairobi, kisha akaenda Uingereza kusomea theolojia. Aliporudi aliongoza Chama cha Biblia cha Kenya kama katibu mkuu. Mwaka 1975 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mount Kenya East ya Kanisa la Anglikana. Dayosisi yenyewe ilikuwa kubwa ajabu: ilianzia mashamba ya kahawa na chai ya Kirinyaga na Embu, ikapanda Meru, ikaenda hadi jangwa la Marsabit.

Kaini, Habili na JM

Mwaka huo huo wa 1975, mwezi wa Machi, mbunge maarufu JM Kariuki aliuawa. Nchi nzima ilishtuka. Watu walinong'ona, wachache walithubutu kusema kwa sauti.

Gitari alikuwa na nafasi ya kuhubiri asubuhi katika redio ya taifa. Hakumtaja muuaji yeyote. Alichofanya ni kufungua Mwanzo na kuhubiri habari ya Kaini na Habili, ile ambayo Mungu anamuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi.

Kila aliyekuwa na redio alielewa. Wakubwa pia walielewa, na hawakufurahi. Lakini utamshtaki vipi mtu kwa kusoma Biblia?

Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake miaka yote. Alichukua kisa cha Biblia, akakieleza pole pole, halafu akakileta mpaka mlangoni kwa msikilizaji. Mara nyingi wanasiasa wenyewe walikuwa wameketi viti vya mbele.

Mlolongo ulikuwa nini?

Hapa ndipo vijana wengi hupotea, kwa hivyo tueleze.

Mwaka 1986 Kanu iliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea hakutakuwa na kura ya siri. Mpiga kura angepanga foleni nyuma ya mgombea wake, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake. Kisha watu wanahesabiwa vichwa. Mfumo huo uliitwa mlolongo, na ulitumika katika uchaguzi wa 1988.

Kuna sheria nyingine iliyoongezwa juu yake: aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye mlolongo aliingia bungeni moja kwa moja, bila kwenda kwa kura ya siri.

Unaona shida? Fikiria wewe ni mwalimu na chifu amesimama pale anaangalia unaelekea foleni gani. Fikiria unadaiwa na mgombea mmoja. Fikiria wewe ni mchungaji, nusu ya waumini wako wako foleni hii na nusu ile nyingine: ukisimama upande wowote, Jumapili utawahubiria nani?

Na tena, watu wakishaenda nyumbani hakuna karatasi ya kuhesabu upya. Afisa akitangaza kwamba foleni fupi ndiyo ndefu, imekwisha hiyo.

Gitari, pamoja na viongozi wengine kama Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na mchungaji Timothy Njoya wa PCEA, walipinga mambo haya hadharani.

Danieli afika Nyeri

Juni 1987, Gitari alihubiri Nyeri kutoka Danieli sura ya sita. Unakumbuka kisa: wakuu wanamsifu mfalme, wanamletea sheria ya haraka aitie sahihi, na sheria hiyo imetengenezwa kumnasa mtu mmoja mwadilifu. Mfalme anakuja kushtuka akiwa amechelewa.

Ujumbe ulikuwa wazi: ukibadilisha sheria kubwa za nchi bila mjadala, kwa sababu tu watu wanakupigia makofi, utajuta. Kenya ya wakati huo ilikuwa inafanya hivyo hasa. Mwaka 1986 Katiba ilibadilishwa, Mwanasheria Mkuu akaondolewa ulinzi wa kazi yake. Mwaka 1988 majaji nao wakafuata.

Wanasiasa wa Kanu walimshambulia kwa maneno makali. Yeye akaendelea kuhubiri.

Usiku wa Aprili 1989

Halafu mambo yakavuka maneno. Usiku mmoja wa Aprili 1989, genge kubwa la watu lilivamia nyumba yake Kirinyaga na kuanza kuvunja milango. Askofu alipanda juu ya paa, akapiga mayowe. Majirani wakaamka, wakatoka na kukimbilia huko. Wavamizi wakatoroka.

Jambo la kujifunza hapa ni kwamba aliyemwokoa si askari wala mlinzi. Ni wanakijiji, watu aliokuwa akiwabatizia watoto na kuwazikia wazee.

Wengine hawakubahatika. Agosti 1990 Askofu Muge alifariki katika ajali ya barabarani akirejea kutoka Busia, siku chache tu baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani asikanyage huko.

Desemba 1990 Kanu yenyewe iliachana na mlolongo na sheria ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye, vyama vingi vikarudi.

Si siasa peke yake

Tukimkumbuka kwa vita vya siasa tu, tutakuwa tumemwonea. Dayosisi yake ilifundisha wahudumu wa afya wa vijijini na kushughulikia maji na kilimo. Alihusika pia sana katika kutengeneza ibada ya Meza ya Bwana ya Kikenya, iliyoanza kutumika 1989. Mwisho wa ibada hiyo, waumini hurusha mkono kuelekea msalabani, kana kwamba wanautupia shida zao zote. Ukiwa Mwanglikana, bila shaka umewahi kufanya hivyo.

Mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu, Mkenya wa tatu kushika kiti hicho baada ya Festo Olang' na Manasses Kuria. Ni katika kipindi hicho makanisa, Waislamu na Wahindu waliungana chini ya Ufungamano kudai Katiba mpya ya wananchi.

Septemba 16, 2002, siku aliyotimiza miaka 65, alistaafu. Hakuomba muda wa ziada. Mtu aliyewaambia wanasiasa wasing'ang'anie viti aliachia chake siku ile ile iliyopangwa. Alifariki Septemba 30, 2013.

Leo inatuhusu vipi?

Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuongea katika madhabahu za Kanisa la Anglikana. Watu walibishana sana: kanisa lijiepushe na siasa, ama liseme?

Maisha ya Gitari yanajibu kwa njia yake. Wanasiasa walikuja kanisani kwake, wakaketi, wakasikiliza. Mimbari alibaki nayo yeye. Hakuwapigia kampeni, hakuwaogopa.

Je, kanisa unaloenda wewe, Jumapili iliyopita nani alishika maikrofoni muda mrefu zaidi: mchungaji au mheshimiwa?