Kutoka Kariokor Hadi Anga za Juu: Mchukuzi, Mzigo na Nauli

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi safari za anga za juu zilivyogeuka biashara, na nafasi ya Kenya katika biashara hiyo. Maelezo yanaanzia Kariokor, mtaa wa Nairobi unaojulikana zaidi kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma kuliko kwa mambo ya roketi. Sababu ya kuanzia hapo ni jina la mtaa wenyewe.

1. Jina la mtaa

Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi kilichoundwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Kambi ya kikosi hicho ilikuwa mahali hapo. Waafrika wengi, aghalabu kwa kulazimishwa, walibeba vyakula na risasi za jeshi lililopigana na Wajerumani. Maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Dar es Salaam nako kuna Kariakoo, jina lenye asili hiyo hiyo. Huko neno limefuata kabisa kawaida ya Kiswahili ya kumalizia kwa irabu. Nairobi limebaki na r yake ya mwisho. Hata hivyo, katika miji yote miwili yalitokea mambo yale yale: vita vilikuwa vya wengine, mzigo ulikuwa wa wengine, na mchukuzi aliachiwa jina tu.

2. Pwani ya Ngomeni

Karibu miaka hamsini baada ya vita hivyo, Kenya ilitakiwa kuchukua mzigo wa namna nyingine. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani ziitwazo Scout.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta uso wake huenda kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayoelekezwa mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa tayari imepewa kasi hiyo, kwa hiyo fueli ile ile huweza kuinua mzigo mzito zaidi. Tena, mbele yake ni Bahari ya Hindi, ambamo vipande vya roketi huanguka bila kuwadhuru watu.

Mojawapo ya setilaiti hizo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala. Kwa heshima ya siku hiyo Wamarekani waliiita Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo katika nyota, nayo ilifungua mlango mpya wa elimu ya falaki. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini chombo kilikuwa cha Marekani na jukwaa lilikuwa la Italia. Kilichokuwa cha Kenya ni mahali, na neno.

3. Roketi za kukodi

Wakati huo safari za anga za juu zilikuwa kazi ya dola. Mambo yalianza kubadilika makampuni ya watu binafsi yalipoingia. Mwaka 2008 kampuni ya SpaceX, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilifaulu kufikisha roketi yake katika mzunguko wa dunia. Desemba 2015 sehemu ya chini ya roketi yake ya Falcon 9 ilirudi na kutua wima, na mwaka 2017 sehemu ya namna hiyo iliyokwisha kutumika ilirushwa mara ya pili. Kabla ya hapo roketi kubwa kwa kawaida ilitupwa baada ya safari moja, mithili ya lori linalofika Mombasa mara moja kisha likaachwa liozee huko. Lori likirudi, nauli hushuka.

Nauli hupungua tena abiria wanapokuwa wengi. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuchunguza ardhi, iliyogharimu shilingi milioni 50 hivi, ilipaa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 ndani ya Falcon 9, pamoja na makumi ya vyombo vya watu wengine. Utaratibu huo haumtatizi mtu apandaye matatu za Eastlands. Abiria halazimiki kumiliki gari, ila njia na saa ya kuondoka huamuliwa na mwenye gari. Safari ya Taifa-1 yenyewe iliahirishwa zaidi ya mara moja.

Hivyo mambo yamegeuka. Ngomeni, Kenya ilikuwa na kituo bila mzigo. California, ilikuwa na mzigo bila roketi.

4. Msamiati na umiliki

Kiswahili kimeyapokea mambo haya kwa njia tatu: kwa kukopa, kama roketi na setilaiti, kwa kuunda, kama mwanaanga, na kwa kupanua maana za maneno ya zamani, kama mzigo, nauli, kurusha na kutua. Njia ya tatu haipewi heshima inayostahili. Neno la kukopa hutaja kitu. Neno lililopanuliwa huja pamoja na maswali yake. Mtu akisikia mzigo huuliza mwenyewe ni nani. Akisikia nauli huuliza nani aipangaye. Akisikia kwamba Taifa-1 iliundwa ili ipige picha za mashamba na misitu, huuliza nani atakayezisoma, na kwa lugha gani.

Maswali hayo yana uzito, kwa kuwa jambo la kurusha tena roketi kutoka pwani ya Kenya lingali likijadiliwa. Mikataba ya namna hiyo huandikwa kwa lugha ya wataalamu, ilhali ardhi na bahari ni za wananchi. Wachukuzi wa mwaka 1914 hawakuulizwa lolote. Wajukuu wao wanazo shule na bunge. Wanachohitaji ni kuelezwa jambo lenyewe kwa maneno wanayoweza kuyapinga.